Riwaya za siri za majirani zisiitwe umbea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala iliyotoka hivi karibuni kwenye safu yenu ya vitabu. Mwandishi wake alidai kuwa riwaya zinazosimulia siri za majirani katika jamii ndogo ni umbea tu uliotiwa jalada, na kwamba maktaba zingefanya vyema kuziondoa kwenye rafu wanazozifikia vijana, kwa kuwa zinawazoesha kuchungulia mambo ya watu. Mimi ni mkutubi mstaafu. Nilifanya kazi katika maktaba ndogo ya umma, mahali ambapo kila aingiaye mlangoni unamjua kwa jina, naye anakujua, na wote wawili mnajua ni nani ameketi meza ya nyuma. Vitabu vya aina hiyo ndivyo vilivyopita mikononi mwangu kuliko vingine vyote. Nimevigonga mihuri, nimevibandika migongo ilipoachia, nimevidai kwa waliochelewa kuvirudisha. Makala ile niliisoma kwa makini, na iliniuma.

Yapo ninayokubaliana naye. Zipo riwaya za namna hiyo ambazo kazi yake yote ni kufunua. Mtaa umetulia, watu wanasalimiana, kisha mke wa fulani anaonekana akitoka kwa mlango wa nyuma, kisha barua inaokotwa, kisha kunakuwa na sherehe au mkutano ambapo kila mmoja anaumbuliwa mbele ya mwenzake, na kitabu kimekwisha. Nimezisoma nyingi za hivyo. Baada ya muda huwezi kuitofautisha moja na nyingine. Mhakiki aliyezichoka ana haki ya kuzichoka. Kosa lake ni kuchukua zilizo mbovu akahukumia nazo aina nzima. Ukisema kitabu kinachoingia ndani ya nyumba za watu ni umbea, utakuwa umefungia sehemu kubwa ya fasihi ya dunia.

Umbea huishia kwenye kufahamu nani kafanya nini. Mmbea akishakuambia hilo, amemaliza kazi, anahamia nyumba nyingine. Riwaya nzuri hapo ndipo inapoanza. Inataka kujua nani mwingine alikuwa na habari, alikuwa nayo tangu lini, kwa nini alinyamaza, na kimya chake kilimwangukia nani. Yeyote aliyekaa mahali padogo anaelewa ninachosema. Siri ya mtu mmoja peke yake ni nadra sana. Siri nyingi zinajulikana na nusu ya mtaa, na watu wanaishi wakizikwepa kama mtu anavyokwepa shimo lililo katikati ya njia yake ya kila siku, bila hata kuangalia chini. Mwandishi anayeweza kuonyesha jinsi watu wanavyokwepa ametufanyia kazi ambayo mmbea hawezi kuifanya hata akijaaliwa ndimi kumi.

Kulikuwa na msomaji mmoja, mwanamke wa makamo, ambaye riwaya moja ya aina hii aliisomea palepale maktabani. Hakutaka kuiazima. Alikuja, akaitoa rafuni mwenyewe, akaketi kwenye kiti kinachotazama ukuta, akasoma kurasa chache, akachomeka kipande cha karatasi pale alipoishia, akairudisha mahali pake, akaondoka. Kitabu chenyewe kilisimulia nyumba mbili zinazochangia ukuta. Katika moja mume anampiga mkewe usiku, na katika ya pili jirani anaongeza sauti ya redio. Hakuna anayegundua lolote katika kitabu kile, maana hakuna asiyejua. Siku alipomaliza alikileta hadi mezani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza, "Huyu aliyeandika alijuaje habari ya redio?" Kisha akatoka kabla sijapata la kumjibu. Alikuwa ni yule anayepigwa au ni yule wa redio, sikuuliza, maana kutouliza ni sehemu ya kazi ya mkutubi. Lakini mtu akiniambia kwamba riwaya hizi zinafundisha kuchungulia, namfikiria mama yule. Hakuja kutafuta siri ya mtu. Alikuja nayo, akakuta kitabuni kuna aliyeifikiria kabla yake kwa utulivu na bila kumnyooshea kidole.

Nitoe mfano ambao yeyote anaweza kuufungua akaukagua. Middlemarch ya George Eliot ilitoka kwa sehemu nane mwaka 1871 na 1872. Ni riwaya ya mji mdogo wa Uingereza, na siri iliyomo ingemshibisha mmbea yeyote. Bulstrode ni mwenye benki, mtu wa dini anayependa kuwarekebisha wenzake. Mali yake ya mwanzo ilitokana na duka la rehani lililokuwa likipokea vitu vya wizi, na alificha kuwa binti wa mjane aliyemwoa alikuwa amepatikana, ili urithi usimpite. Anatokea mtu anayeyajua ya zamani, Raffles, anaanza kumkamua fedha. Raffles anaugua akiwa chini ya uangalizi wa Bulstrode na anakufa katika hali ya kutia shaka. Kumbe alikuwa ameshamsimulia mchuuzi wa farasi, naye mchuuzi akaja kuitoa habari mbele za watu. Mji wote unajua. Bulstrode anaumbuliwa katika kikao kilichoitishwa kuzungumzia afya ya mji wakati wa hofu ya kipindupindu.

Mwandishi wa kawaida angeishia kikaoni. Eliot anaendelea, na katika sura ya 74 anamgeukia mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimhesabu, Harriet, mke wa Bulstrode. Mji mzima una habari, yeye hana. Anaona mumewe amerudi ana hali ya mgonjwa na hasemi. Anatoka kuwatembelea rafiki zake. Wa kwanza anampokea kwa uangalifu, akiyapima maneno kama mtu anayekanyaga gizani. Wa pili anampa maneno ya faraja kabla yeye hajasema ana huzuni gani, na hapo moyo wake unaanza kuona kuwa jambo ni kubwa kuliko alivyodhani. Anakwenda kwa kaka yake kazini. Kaka, akidhani kuwa habari imeshamfikia, anamwambia yote. Anarudi nyumbani na kujifungia chumbani. Anavua mapambo yake yote, anavaa gauni jeusi lisilo na urembo, hata kofia yake ya ndani anaibadili kwa ile ya kawaida kabisa. Kisha anashuka kwa mumewe, aliyeketi ameinamisha kichwa akingoja kuachwa, anamwekea mkono, anamwambia ainue macho. Wanalia pamoja. Mke hathubutu kuuliza ni kiasi gani cha maneno yale ni kweli, na mume hasemi kwamba hana hatia.

Namwomba mwandishi wa makala anieleze umbea uko wapi hapo. Habari yenyewe ilishakwisha kurasa nyingi nyuma. Kilichobaki ni mtu mmoja asiye na kosa akitembea nyumba hadi nyumba kati ya watu wanaojua na ambao kila mmoja anataka kuwa mwema kwake bila kujitwika lolote. Na Eliot hakuwasamehe majirani hao. Anaifungua sura hiyo kwa kueleza jinsi watu wa mji wasivyoweza kustahimili mke akae bila kujua ya mumewe, na jinsi wanavyoipamba hamu yao ya kusema kwa majina mazuri, mara kupenda ukweli, mara urafiki, mara kumtakia mwenzao mema. Umbea umechambuliwa pale kwa undani kuliko hotuba yoyote ya maadili niliyowahi kuisikia. Eliot mwenyewe umbea ulimpata. Jina lake halisi lilikuwa Mary Ann Evans, na aliishi na George Henry Lewes, mwanamume ambaye kisheria bado alikuwa na mke. Kwa miaka mingi wanawake wengi wa heshima hawakukanyaga kwake, na kaka yake mwenyewe alikata uhusiano naye. Alijua chumba kinavyonyamaza mtu anapoingia.

Kuna mwingine katika riwaya hiyohiyo ambaye huwa namwonea uchungu zaidi hata kuliko Harriet, naye ni daktari kijana, Lydgate. Alikuwa amekopeshwa na Bulstrode pauni 1,000 wakati mbaya kabisa, siku zilezile za ugonjwa wa Raffles. Kikaoni, Bulstrode aliposhindwa kutembea, Lydgate alimpa mkono akamtoa nje, kama tabibu yeyote angemfanyia mtu anayetaka kuanguka. Mkono ule ulitosha. Mji ukaamua kuwa alihongwa. Hakuhongwa, na wachache sana waliotaka kusikia. Sisi tuna msemo kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siupendi msemo huo kabisa. Nimewaona watu wakihama kwa sababu ya jambo lililosemwa na ambalo halikuwapo wala halikuja. Riwaya nzuri ya majirani huwa na nafasi ya mtu wa aina ya Lydgate ndani yake, mtu aliyesingiziwa, kwa sababu penye siri nyingi za kweli, zile za uongo huota upesi na hakuna anayejitaabisha kuzitenganisha.

Nitaje nyingine mbili kwa kifupi. Mwaka 1951, katika mji wa Sucre nchini Kolombia, kijana mmoja aliuawa hadharani kwa ajili ya kile kilichoitwa heshima ya familia. Gabriel García Márquez alimfahamu marehemu. Mama yake alimwomba asiandike kisa kile wakati mama wa yule kijana angali hai, na riwaya yake fupi, Crónica de una muerte anunciada, yaani simulizi ya kifo kilichotangazwa, ikatoka mwaka 1981, baada ya miaka 30. Sijui mmbea aliyewahi kungoja muda huo ili asimwumize mama wa mtu. Na ndani ya kitabu hamna fumbo la kufumbua, kwa kuwa sentensi ya kwanza inatuambia kuwa mtu atauawa. Wauaji, ndugu mapacha, wanaitangaza nia yao kwa kila wanayekutana naye, utadhani wanaomba kuzuiwa. Mkuu wa mji anawanyang'anya visu na kuwaambia wakalale, nao wanakwenda kuchukua vingine. Padri anaambiwa, anasahau kwa sababu ya ujio wa askofu. Bahasha ya onyo inasukumwa chini ya mlango wa nyumba ya kijana, na hakuna anayeiona mpaka mambo yamekwisha. Mji mzima ulijua, na mtu akafa.

William Faulkner, katika hadithi fupi A Rose for Emily ya mwaka 1930, alimfanya msimulizi kuwa "sisi", yaani mji wenyewe unajisimulia. Nyumba ya Emily, bibi wa ukoo mkubwa anayeishi karibu peke yake, inaanza kutoa harufu mbaya. Majirani wanalalamika. Wakubwa wa mji wanaona haya kumwambia bibi wa hadhi yake kuwa kwake kunanuka, basi wanaume wanne wanaingia uani usiku na kunyunyiza chokaa kuizunguka nyumba. Wiki moja au mbili baadaye harufu inatoweka. Chumba cha juu kinavunjwa mlango baada ya mazishi ya Emily mwenyewe, miaka mingi mbele, na ndani inakutwa maiti. Nawaomba wasomaji wa gazeti hili waifikirie chokaa ile, waliinunua kwa nia gani, na asubuhi yake walisalimianaje. Mji ule haukukosa kunusa. Ulinusa, ukaona adabu ni bora kuliko kuuliza. Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi, na siku hizi maiti ya chumbani hainitishi tena. Ninaogopa wale wanaume wanne.

Sisemi kuwa kila riwaya ya siri lazima ibebe uzito huo. Muhammed Said Abdulla alipotuletea mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alitupa raha nyingine, ya akili inayofuatilia dalili moja baada ya nyingine hadi mambo ya ukoo yaliyofichwa yakae wazi. Raha hiyo ni halali na sina neno nayo. Hapo siri ni fumbo, na fumbo likifumbuliwa tunafunga kitabu tumeridhika.

Ipo hoja ambayo mwandishi wa makala hakuigusa, na kama angeigusa ningepata kazi ya kumjibu. Ni kwamba wasomaji huwatafuta majirani zao ndani ya kitabu. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho. Riwaya moja ilirudishwa kwangu ikiwa imeandikwa kwa penseli pembeni, herufi mbili mbili, kila mhusika amepewa herufi za kwanza za majina ya mtu wa mtaani kwetu. Mlevi alikuwa na herufi zake, mwizi wa fedha za kanisa alikuwa na zake, na binti mjamzito alipewa za msichana ambaye nilimjua tangu akija kusoma vitabu vya picha. Mwandishi wa riwaya ile alikuwa mtu wa nchi ya mbali, asiyejua hata kama mtaa wetu upo duniani. Nilikaa na kifutio baada ya kufunga maktaba, nikazifuta ukurasa kwa ukurasa, polepole ili karatasi isichubuke, kwa kuwa msomaji wa pili angezikuta na angeziamini. Nyingine zilikuwa zimekandamizwa hata zikaacha mtaro kwenye karatasi. Hizo nilizisugua kwa ukucha kutoka upande wa pili. Aliyeziandika alikuwa mmbea, bila shaka. Lakini umbea wake alikuja nao kutoka nyumbani. Kitabu hakikumpa jina hata moja kati ya yale.

Kwa sababu ya watu kama yeye, riwaya nyingi hubeba ile ilani ya mwanzoni kuwa wahusika wote ni wa kubuni na kufanana kwao na mtu yeyote ni kwa bahati tu. Wengi huiruka. Ilipata nguvu baada ya kesi ya mwaka 1934 jijini London, ambapo Irina Yusupov, aliyeolewa na mmoja wa waliomuua Rasputin, mtu wa dini aliyekuwa karibu na jumba la mfalme wa Urusi, na ambaye alikuwa wa ukoo wa mfalme wa Urusi, aliishtaki kampuni ya MGM kwa sababu ya mhusika wa filamu ambaye watu walimfananisha naye, mwanamke aliyeharibiwa na Rasputin. Mahakama iliamuru alipwe pauni 25,000. Ilani ile basi inamkinga mchapishaji. Jirani anakingwa na adabu ya mwandishi tu, na adabu hiyo inaonekana kitabuni, mtu akitaka kuiangalia. Mwandishi mwenye adabu hubadilisha kazi ya mhusika, umri wake na nyumba yake, lakini hasa humpa sababu zake, humpa saa moja ya kuonekana akiwa peke yake bila wa kumhukumu. Asiye nayo humleta mhusika aumbuliwe, kisha humsahau.

Sasa nije kwenye hilo la kuondoa vitabu rafuni, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka 1956 Grace Metalious alichapisha Peyton Place, riwaya ya mji mdogo wa Marekani ulio msafi kwa nje. Alikuwa akiishi Gilmanton, katika jimbo la New Hampshire, ambako mumewe alikuwa mwalimu mkuu. Moja ya visa vya kitabu ni cha binti anayemuua mwanamume wa nyumbani kwao aliyekuwa akimwingilia kwa nguvu, na kumzika kwenye zizi la kondoo. Kisa cha namna hiyo kilikuwa kimetokea kweli katika eneo lilelile miaka ya 1940 na kilifika mahakamani. Katika tukio la kweli mtu huyo alikuwa baba mzazi. Mchapishaji alimtaka Metalious amfanye baba wa kambo, kwa kuona kuwa wasomaji wasingemeza ukweli ulivyokuwa. Yaani riwaya ilipunguzwa makali ili ivumilike kuliko maisha. Hata hivyo ilipigwa marufuku mahali kadhaa, na zipo maktaba zilizokataa kuiweka. Mkataba wa mumewe shuleni haukuongezwa. Watu wa mji walimkasirikia yeye aliyeandika kwa hasira ambayo sijasoma popote kuwa waliielekeza kwa baba yule. Metalious alifariki mwaka 1964, ana miaka 39.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunayo yetu. Euphrase Kezilahabi aliiandika Rosa Mistika akiiweka Namagondo, Ukerewe, alikozaliwa, na ikatoka mwaka 1971. Ilimwonyesha binti aliyelelewa kwa vitisho, na wanaume wenye vyeo waliomtumia, na kifo chake kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu kilipigwa marufuku kwa muda. Sababu iliyotajwa ilikuwa maadili ya vijana, ileile ya makala yenu. Baadaye kilirudishwa na kikasomwa hata darasani, na wanafunzi walioniletea maswali kukihusu hawakuniuliza mambo ya aibu. Walikuwa wakiuliza kwa nini hakuna mtu mzima aliyemsaidia Rosa. Kijana aliyeuliza swali hilo hajafundishwa kuchungulia. Ameanza kuwaangalia watu wazima na kutaka wawajibike, na hilo, naamini, ndilo linalowatia wengine hofu.

Katika Peyton Place yumo daktari mzee, Swain, ambaye alikuwa na habari tangu mapema. Alimtibu binti yule, alijua mimba ilitoka kwa nani, alinyamaza. Siku ya kesi anasimama mahakamani na kusema yote, pamoja na lile alilolifanya yeye mwenyewe kinyume cha sheria ili kumwokoa binti yule, huku akijua kuwa huenda akapoteza kazi na jina. Kijana aliyekaa na jambo la nyumbani kwao na hana wa kumwambia, akisoma ukurasa huo, anaona jambo ambalo pengine hajawahi kuliona kwa macho, mtu mzima anayejua na anayesema. Mkitoa kitabu hicho rafuni, jambo lake litabaki palepale nyumbani. Mtakuwa mmemwondolea daktari tu.

Kwa waandishi wetu wanaoandika sasa, nina ombi. Mkutano mkubwa wa mwisho ambapo kila kitu kinamwagika, mfikirie mara mbili kabla ya kuuandika. Maishani siri huvuja kidogo kidogo, kwa mtu aliyebadilisha njia ya kwenda kazini, kwa salamu iliyofupishwa, kwa mtoto aliyeambiwa asicheze tena na mtoto wa jirani na hakupewa sababu. Mkiweza kuandika ile salamu iliyofupishwa mkutano hamtauhitaji. Na mkishamwumbua mtu, msimwache hapo. Tupeni asubuhi ya kesho yake, maana ataamka, na bado atapaswa kupita mbele ya nyumba zilezile.

Kwa safu yenu ya vitabu ombi langu ni dogo. Mhakiki anapopewa riwaya ya namna hii, atueleze kama mwandishi aliwaona wale waliojua wakanyamaza, au aliwaacha nyuma ya mapazia wakitazama pamoja na sisi. Hiyo itatusaidia kuchagua cha kusoma kuliko kuambiwa kama siri ilitushtua. Na wakutubi wenzangu walio kazini, mtu akija mezani kudai kitabu kiondolewe, mwombeni kwa heshima aseme amekisoma hadi sura ya ngapi, muiandike sura hiyo kwenye fomu ya malalamiko kabla ya kitu kingine chochote.

Mwandishi wa makala simjui na sina ugomvi naye. Ningefurahi akianza na sura ile ya 74 ya Middlemarch, si ndefu, kisha aandike tena kwenye safu yake. Hata akibaki na msimamo wake nitaisoma yote.

Wenu,
Mkutubi mstaafu